Majina ya Herufi Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na Meneja naye kaanza. Sijui kati yao nani atanyamaza kwanza.

Alituita mimi na Mpole ofisini kwake kabla hata hatujakunja miavuli. Mpole ni mwenzangu wa kitengo, na jina hilo tulimpa kwa kejeli, maana akicheka huku ndani watu wa mapokezi wanageuka. Leo hakucheka. Meneja alisema kampuni imechoka na mashine yetu, yaani ile kompyuta yenye kimo cha jokofu inayoendesha maghala yote ya dawa tangu mimi niko shule ya msingi. Mashine mpya inakuja masika yakiisha. Kila programu itakayohamia huko lazima ijengwe upya kutoka kwenye chanzo chake, na kila chanzo kiwe na jina jipya la utaratibu mmoja. Tukiweza, kitengo kinabaki. Tukishindwa, wanaletwa wakandarasi na mfumo wao wa kununua, na sisi wawili tunaaga.

"Ni kubadilisha majina tu," alisema. "Hiyo kazi ya wiki mbili, mimi nawapa masika mazima."

Kubadilisha majina tu. Nayaandika maneno hayo hapa nije niyacheke siku nikipata nguvu.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu aliniuliza jana usiku iweje jina la faili linitie maumivu ya kichwa. Yeye ni fundi wa lifti, kwa hiyo nilimweleza kwa lugha ya lifti. Programu ni lifti yenyewe: inapanda, inashuka, lakini huwezi kuisoma. Chanzo ni mchoro wake, maandishi ya fundi. Ukitaka kubadilisha chochote, lazima uwe na mchoro ule ule uliotumika kuijenga lifti ile.

"Sasa si mnayo?"

"Tunayo. Tatizo tunayo mitano kwa kila lifti."

Mashine yetu haipokei jina linalozidi herufi kumi. Waanzilishi walipanga vizuri kabisa: herufi mbili za idara, tatu za kazi, kisha namba. GHTOA01, maana yake ghala, kutoa mzigo, ya kwanza. Mtoto angeelewa. Lakini palikuwa na desturi. Fundi akitaka kugusa chanzo, alitoa nakala kwanza na kuitia Z mwishoni. Kizazi cha kwanza kilitia Z kwenye ya zamani, ili ishuke chini kabisa ya orodha isionekane. Kizazi kilichofuata kikatia Z kwenye mpya wanayoifanyia majaribio, na jaribio likifaulu walitakiwa kuifuta hiyo Z. Nani alirudi kufuta? Matokeo yake tuna Z zilizo takataka na Z zilizo dhahabu, zote zimekaa pamoja. Wengine waliacha hata utaratibu. Leo nimekuta chanzo kinaitwa USIGUSE. Chini yake kuna USIGUSE2. Kuna YAMWISHO, kuna YAMWISHO3, na kuna MPYAKABISA, ambayo ni herufi kumi kamili, na ambayo ni ya zamani kuliko ndoa yangu.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mimi nikikuta michoro mingi, namtafuta aliyeifunga lifti."

Aliyeifunga lifti alikuwa chumba cha pili, amelala. Ni baba yake.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimepatanisha programu chache za mauzo na vyanzo vyake. Mpole kaniletea karanga.

Jumatano, 12 Machi

Nataka kulia na sioni pa kulilia.

Kulikuwa na njia ya kujua. Kila chanzo hubeba tarehe kilipoguswa mara ya mwisho, na kila programu huikumbuka tarehe ya chanzo ilichojengewa. Unaziweka tarehe mbili pamoja. Zikilingana, umempata baba wa mtoto. Ni kazi ya kuchosha lakini ya uhakika, na ndiyo niliyokuwa naifanya.

Jana, nilipokuwa ghalani, Mpole alitaka kunifurahisha. Akafungua maktaba mpya ndani ya mashine, akanakili humo vyanzo vyote, kisha akafuta kule vilikotoka ili pawe pasafi. Chanzo ukikinakili kwa njia aliyotumia, kinachukua tarehe ya siku hiyo. Asubuhi nimefungua orodha, na kila chanzo, kuanzia GHTOA01 mpaka USIGUSE2, kimezaliwa jana.

Mpole kasimama nyuma ya kiti changu. "Nimefanyaje?" akauliza, kwa sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake. Nikamwonyesha. Akakaa sakafuni na suruali yake ya kazi.

Sikumgombeza. Hata mimi ningeweza kufanya vile, siku moja ya haraka.

Alhamisi, 13 Machi

Tumekwenda kuzitafuta kanda za akiba, yaani nakala za mashine za miaka iliyopita, ambazo zingekuwa na tarehe za zamani. Dari ya stoo inavuja tangu mwaka juzi, na mwaka juzi niliandika malalamiko, na mwaka jana Mpole akaandika. Maboksi yameloa mpaka yakishikwa yanabaki mkononi. Kanda moja ilisomeka kidogo, ikakwama, na mashine ikaitema.

Tumemweleza Meneja yote. Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema, "Jungu kuu halikosi ukoko. Fundi Mkuu mstaafu, mkweo, si anaishi kwako?"

Jumatatu, 17 Machi

Baba amekubali kurudi kazini kwa mkataba wa masika haya. Hakukubali kama mtu aliyeombwa. Alikubali kama mtu aliyekuwa anashangaa mmechelewa wapi.

Niandike ukweli kuhusu Baba, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisuta. Tangu tumzike mama mkwe, anaishi nasi. Nampa heshima zake zote, lakini sijawahi kumpenda. Kazini kila aliyemkuta anajua sifa yake: fundi wa ajabu, na mchoyo wa maarifa kupita kiasi. Ulikuwa ukimkaribia, anageuza skrini. Mafundi vijana wakimwuliza chanzo kiko wapi, anawaambia, "Kilipo." Siku niliyoajiriwa, mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, nami aliniambia hivyo hivyo.

Asubuhi amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi likasimama. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu. Nenda pole pole, kuna tope." Mapokezi wote walisimama.

Alhamisi, 20 Machi

Siku njema, na ni haki yake iandikwe.

Baba aliketi kwenye skrini ya zamani, ile yenye maandishi ya kijani, na vidole vyake vikaenda vyenyewe. Haangalii kibodi. Alifungua programu za mauzo moja baada ya moja akizisimulia: hii niliiandika mkurugenzi wa kwanza alipotaka bei mbili, hii ilikuwa na mdudu, kosa la siri tulilolisaka mpaka mke wangu akadhani nina mwanamke. Mpole alicheka kile kicheko chake, kwa mara ya kwanza tangu aharibu tarehe. Tulitia alama programu nyingi. Jioni nilimkata Baba kipande cha mkate nikakipaka siagi mwenyewe.

Mvua ilikatika kidogo.

Alhamisi, 27 Machi

Ananichezea. Nina hakika ananichezea.

Jumatatu nilimwuliza kuhusu programu ya kutoa mzigo ghalani. Hiyo ndiyo roho ya kampuni: ikikosea hiyo, dawa haziendi, au zinakwenda zisikotakiwa. Ina vyanzo viwili, GHTOA01 na GHTOA01Z, na vinatofautiana sana. Akasema, "Z ni ya zamani. Itupe." Nikaandika. Leo, kwa kupita tu, nikamwuliza tena. "Z ndiyo mpya. Hiyo nyingine niliiacha kama kumbukumbu."

"Lakini Baba, Jumatatu ulisema ni ya zamani."

Akanitazama kwa yale macho ya kugeuza skrini. "Jumatatu hukuniuliza kitu, mwanangu. Jumatatu tulikuwa na mauzo."

Mpole alikuwepo siku zote mbili. Tuliangaliana. Tulipotoka kunywa chai akasema, "Mzee anatubania. Anataka aombwe kwa magoti." Nikakubali mara moja. Nilikuwa nimemaliza kumchukia kabla kikombe hakijapoa.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Dari ya ofisini nayo imeanza. Tumeweka ndoo kati ya meza yangu na ya Mpole.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo umeme ulikatika mchana, na jenereta likawasha taa lakini si ile skrini ya zamani. Nilirudi kutoka kula nikamkuta Baba mbele yake. Skrini nyeusi tii. Vidole vyake vinakwenda. Anaandika, anasita, anabonyeza, anasoma kilichojibiwa, anatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, anaandika tena.

Nilisimama mlangoni na sahani yangu. Mwishowe nikasema, "Baba, njoo ule."

"Ngoja nimalize hii," akasema. "Iko karibu kukubali."

Nilimsubiri. Siku zote hizi nimemwita mchoyo moyoni, na uchoyo ungekuwa heri mara mia. Mchoyo unaweza kumbembeleza.

Nimemwambia mume wangu jioni hii hii. Nilichagua maneno, nikayapunguza makali. "Baba anasahau."

"Nani hasahau? Mimi juzi nimesahau funguo za gari ndani ya gari."

"Si hivyo. Alikuwa anaandika kwenye skrini iliyozimwa."

Aliweka kikombe chini. "Mke wangu, baba yangu aliyaandika yale madude yenu kichwani kabla hajayagusa. Leo mmeshindwa kazi, mnatafuta pa kuitupia. Ukimchoka sema umemchoka." Akatoka. Nilimsikia chumba cha pili akimwuliza baba yake kama kula ameshiba, na Baba akijibu vizuri kabisa kwamba ameshiba na kwamba chumvi ilizidi.

Chumvi ilizidi kweli.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Tumebakiza chache. Baba simwulizi tena, namwacha asimulie. Wakati mwingine anasimulia programu ambazo hazipo.

Jumanne, 15 Aprili

Imebaki moja. GHTOA01 au GHTOA01Z.

Nyingine zote tumezipata kwa kulinganisha na kubahatisha na kumwomba Mungu. Hii nimekaa nayo siku nyingi. Tofauti kubwa ni hii: kile kisicho na Z kina mistari inayokagua tarehe ya dawa kuisha muda. Kile chenye Z hakina, lakini kimeandikwa vizuri zaidi, kifupi, na kinajua ghala jipya ambalo mwenzake halijui. Na ghala jipya programu inayofanya kazi sasa inalijua. Kwa hiyo Z, unasema. Lakini ukaguzi wa tarehe umekwenda wapi?

Meneja alipita mara mbili asubuhi. Mara ya pili hakuuliza kitu, alisimama tu akaitazama ndoo.

Nikamwuliza Baba. Najua nilichokuwa najua. Nilimwuliza hivyo hivyo. Aliweka miwani, akasoma kurasa zote za Z bila kuruka, kisha akageuka na alikuwa yeye, yule Fundi Mkuu mwenyewe, macho mang'avu. "Tumia hii. Ukaguzi wa tarehe niliuhamisha, nikauweka kwenye programu inayopokea mzigo. Kwa nini ukague mara mbili? Dawa mbovu inazuiwa mlangoni." Akanichorea kwenye bahasha jinsi programu moja inavyoiita nyingine. Ulikuwa mchoro safi kuliko wowote niliofundishwa chuoni. Mpole alikuwa amesimama begani kwangu, akasema, "Sasa hapo nimeelewa."

Nami nilielewa. Nilitaka sana kuelewa. Niliijenga programu kutoka kwenye Z, nikaipa jina lake jipya, nikaijaribu kwa oda za mwezi uliopita, ikatoa majibu sawasawa na ya zamani, yote. Tukapeana mikono sote watatu. Baba alinipa mkono wa kulia na wa kushoto akaniwekea juu.

Jumatano, 16 Aprili

Imeanza kufanya kazi ghalani, kwenye mashine ya zamani kwanza. Meneja katuletea soda. Mvua imepumzika, na mimi nimelala kama mtoto.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika ofisini. Hakuna aliyenikataza kwenda nyumbani. Siwezi tu kunyanyuka.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mfamasia wa zahanati moja mbali na mji, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. "Dada, mmetuletea maboksi ya dawa ya watoto ambayo muda wake umekwisha tangu mwaka jana. Mmetuletea kwa makosa au ndiyo biashara mpya?" Nikadhani ni boksi moja limepotea njia. Simu ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu nilijua kabla hajamaliza kujitambulisha.

Niliifungua Z nikaisoma, safari hii kama mtu asiyeitakia heri, na nikaona. Programu yetu hutoa mzigo wa zamani kwanza, ili dawa isikae mpaka ikaharibika. Ni utaratibu mzuri, ilimradi ikifika kwenye iliyokwisha muda iiruke. Ondoa mstari wa kuruka, na programu inakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma, ile iliyofungiwa maboksi yanayosubiri kuteketezwa, kwa sababu ndiyo ya zamani kuliko zote. Haikukosea. Ilichagua dawa mbovu kwa uangalifu mkubwa. Na programu ya kupokea mzigo nimeifungua pia: hakuna ukaguzi wowote humo. Hakuuhamisha. Aliung'oa huku, akakusudia kuupanda kule, na siku hiyo hakuimaliza. Z ilikuwa kazi iliyoachwa njiani. Chanzo halisi cha programu ya zamani, chenye ghala jipya na ukaguzi pamoja, hakipo kati ya hivi viwili. Sijui kiko wapi. Labda ni kile YAMWISHO. Labda ni YAMWISHO3.

Na majaribio yangu? Oda za mwezi uliopita nilizijaribu kwenye orodha ya mfano, ambayo ndani yake hakuna boksi hata moja lililokwisha muda. Nani anaweka uozo kwenye mfano?

Magari yamegeuzwa njiani kwenye tope, moja limekwama. Ghala wameyarudisha maboksi karibu yote. Chupa moja ilikuwa imeshatolewa kwenye dirisha la zahanati, kwa mama mmoja. Yule mfamasia alivaa mabuti akamfuata nyumbani kwa miguu, akatupigia kutoka huko: alikuwa amempa mtoto kijiko kimoja. Wakamchukua mtoto wakamlaza kwenye benchi la zahanati wamwangalie. Saa zile mpaka simu nyingine ilipoita sitazieleza. Mpole alikuwa anasali kwa sauti na hakuona haya. Mtoto hana kitu. Amecheza, amekula, wamerudi nyumbani.

Baba alikuwepo muda wote, kwenye kiti chake. Aliuliza kwa nini simu zinaita sana leo. Nikamwambia ni oda. "Vizuri," akasema. "Oda zikiwa nyingi, kitengo hakifungwi."

Ijumaa, 25 Aprili

Kikao kilikuwa kwa Meneja. Mimi, Mpole, mkuu wa maghala, na Baba, aliyeitwa kwa heshima na kupewa kiti chenye mikono.

Meneja hakutaka ugomvi. Alitaka jibu moja la kupeleka juu. "Fundi Mkuu, katika vile vyanzo viwili, ulimwelekeza atumie kipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Kwamba Baba angesahau swali. Kwamba angesema yeye ndiye, na mimi ningemkinga. Hili sikujiandaa nalo. Aliweka mikono magotini akasema kwa upole kabisa, "Nilimwambia asiiguse Z. Nilimwambia mbele ya huyu kijana. Z haina ukaguzi wa tarehe, kila mtu anajua. Lakini mtamlaumu bure, bado anajifunza."

Hakuwa anadanganya. Nimeishi na mtu huyu, najua uso wake anapoficha kitu. Aliamini. Kichwani mwake alikuwa amenionya, na nilipokosea aliumia kwa ajili yangu.

Meneja akanigeukia. Mpole akawa anaangalia viatu vyake, jasho linamtoka. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ilikuwa ya kweli, na Mpole angeiunga mkono. Lakini sentensi hiyo ingebidi iendelee. Ingebidi nieleze ile skrini nyeusi. Ningemvua nguo mzee wa watu mbele ya chumba alichokijenga yeye, na huku nikimvua, ningebaki na kosa langu pale pale: kwamba nilijua, na nikamwuliza.

"Ni kweli," nikasema. "Kosa ni langu."

Jumamosi, 26 Aprili

Baba alimsimulia mwanawe yote wakati wa chai. Hakutia chumvi hata kidogo. Aliyasema kwa huruma.

Mume wangu alingoja mpaka tukabaki wawili. "Kwa nini hukumsikiliza?"

Nikaendelea kukusanya vikombe.

"Nakuuliza wewe. Mtoto wa watu angekufa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumefundishwa tangu utotoni. Wewe ukaja kuniambia Baba anasahau." Aliisema hiyo ya mwisho taratibu, na ndiyo iliyoniingia. Nilikaa pale nikaona kwamba ndoa yetu nayo sasa ina jambo lililoandikwa vibaya ndani yake, na kila mmoja anaamini nakala yake.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Kitengo kimefungwa leo. Mpole anapelekwa kaunta ya mauzo. Mimi nimepewa barua, na Meneja alinisindikiza mpaka mlangoni akanishikia mwavuli, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya. Mkataba wa Baba nao umekwisha. Walimuaga kwa keki na makofi. Alitoa hotuba fupi nzuri akawaasa waheshimu utaratibu wa majina.

Mpole alinifuata kwenye ngazi. "Dada, nilitaka kusema. Pale kikaoni. Mdomo ulikataa."

"Ungesema nini?"

Alifikiri. "Sijui." Akaanza kulia kwa sauti ile ile kubwa, mpaka watu wa mapokezi wakageuka.

Wakandarasi wanaanza wiki ijayo. Nasikia watafuta vyanzo vyote, vyenye Z na visivyo na Z. Hawana haja navyo.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imekatika. Kumekucha jua kali, ukuta wa jirani unatoa mvuke.

Mume wangu ana zamu ya mchana, kwa hiyo alikuwa mezani. Hatujasemezana sana tangu ile Jumamosi, tunapitishiana sukari. Nilikuwa bado na kanga na nywele sijachana, kwani nichanie nini. Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Baba amevaa lile shati lililopigwa pasi, amechana ndevu, ameshika mwavuli. Viatu amevipaka rangi.

"Mwanangu, bado hujavaa? Tunachelewa. Leo ni ile programu ya ghala, nimeifikiria usiku kucha, nimejua ilipo."

Mume wangu akatabasamu. "Baba, unatania. Si mmeagwa Ijumaa? Umekuja na kipande cha keki."

"Nani kaagwa?"

"Nyie. Kitengo kimefungwa, Baba."

Baba akamtazama kwa subira, kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Wewe kijana, hayo mambo ya kitengo utayajulia wapi? Mwache mwenzangu avae. Anajifunza vizuri huyu, na mimi nimewaahidi hakuna chumba kitakachofungwa." Kisha akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Wamefunga?"

"Baba," mume wangu akasema. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni lakini yeye hakuwepo tena nyuma yake. "Baba, mimi ni nani?"

"Maswali gani haya asubuhi?" Baba akasema. Alikwenda mlangoni akasimama, mkono kwenye kitasa, akinisubiri.

Mume wangu aligeuka akanitazama. Tangu siku ya skrini nyeusi nimelisubiri jicho lile. Nililipangia hata maneno: sasa unaona. Lilipokuja sikuyataka. Ningetoa chochote niwe mwongo, niwe mvivu niliyemchoka baba yake nikamsingizia.

"Tangu lini?" akauliza, karibu bila sauti.

Jibu lake alilipata mwenyewe, nililiona likimfika. Alinyanyuka, akamshika Baba kiwiko, akamrudisha pole pole mpaka kwenye kiti, akimwambia leo ni sikukuu, ofisi hazifunguliwi, watu wote wako majumbani. Baba aliuliza sikukuu gani. Akamwambia kubwa tu. Kisha fundi wa lifti akapiga magoti sakafuni, akaanza kumfungua baba yake kamba za viatu.